Mashine Iliyosimama Siyo Mashine Iliyozimwa



Katika jarida hili tumezoea kukuandikia juu ya malaria, kunawa mikono, chanjo za watoto na maji safi. Leo naomba ruhusa yako niandike juu ya jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni la afya. Nataka kusema juu ya mashine tunazofanyia kazi, hasa mashine za kusaga unga, na namna ya kuzifunga wakati mtu anapozisafisha au kuzitengeneza. Haya ni maoni yangu mimi kama mhamasishaji wa afya. Muuguzi anaweza kushona mkono uliokatwa na mashine, lakini hawezi kurudisha vidole vilivyosagika. Mimi naamini majeraha mengi ya namna hii tungeyazuia kwa kufuli moja na kipande cha katoni.

Niliyoyaona Bujumbura

Kabla ya kuja kambini, familia yetu iliishi Bujumbura kwa miaka kadhaa, na huko ndiko nilikomalizia masomo ya sekondari. Ninyi mnaoujua mji huo mnaijua Buyenzi, mtaa wa Waswahili, wenye gereji, wachomeleaji na mafundi wa kila namna. Mnajua pia Mtaa wa Viwanda, ambako vijana wetu wengi huamkia kila asubuhi kutafuta kibarua. Na mnajua jambo la tatu: umeme hukatika bila taarifa, na hurudi bila taarifa.

Siku moja mama alinituma na beseni la mihogo mikavu kwenye mashine ya kusagia karibu na kwetu. Umeme ulikuwa umekosekana tangu asubuhi, ukarudi mchana, na watu wote wa mtaa wakaja kwa wakati mmoja. Foleni ilikuwa ndefu. Aliyekuwa anasaga ni ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, kijana wa miaka 19. Mihogo ya mtu mmoja mbele yangu ilikuwa haijakauka vizuri, ikaziba chujio ndani ya mashine. Kabla hajafanya lolote, umeme ukakatika tena.

Mashine ikanyamaza. Watu wakaanza kulalamika. Walimwambia atumie nafasi hiyo kuzibua chujio, ili umeme ukirudi asichelewe. Mmoja wa waliosema hivyo kwa sauti kubwa ni mimi. Nilikuwa na njaa, na mama alikuwa ananisubiri.

Akafungua kifuniko, akaingiza mkono wa kulia. Alikuwa hajagusa swichi ya ukutani. Ilikuwa bado imeelekea upande wa kuwaka, kama alivyoiacha wakati anasaga. Baada ya dakika chache umeme ukarudi.

Ndugu yangu alipoteza vidole vitatu. Hakuna mtu aliyewasha ile mashine. Hakuna aliyemchukia, wala aliyemloga, ingawa maneno hayo yalisemwa sana pale mtaani. Umeme ulirudi wenyewe ukakuta njia iko wazi. Tajiri wake alilipa teksi ya kwenda hospitali na dawa za siku za kwanza, basi. Kijana alikuwa kibarua wa siku, hajaandikishwa popote, hana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba alifanya kazi pale. Leo anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.

Kwa nini mashine iliyonyamaza inaweza kukuumiza

Nilipoanza kazi hii ya kujitolea nilimwuliza fundi mmoja mzee wa umeme anieleze yale niliyoyaona. Alinieleza kwa maneno mepesi, nami nakueleza hivyo hivyo.

Mashine inahitaji nguvu ili izunguke. Nguvu hiyo inaweza kuwa umeme wa Regideso, jenereta, mazutu, betri, au jua. Mashine ikinyamaza, maana yake ni kwamba kwa sasa nguvu haifiki. Haina maana kwamba njia ya nguvu imefungwa. Ni kama bomba la maji siku maji yamekatika. Ukiliacha wazi ukaenda kulala, maji yakirudi usiku utakuta nyumba imejaa. Swichi nyingi za mashine zetu ndogo ni za kupindua kwa mkono, na hubaki pale ulipoziacha. Umeme ukirudi, mashine inaondoka hapo hapo. Zipo mashine zenye kitufe kinachozima chenyewe umeme unapokatika, na mpaka ukibonyeze tena. Hizo ni bora zaidi, lakini hata hizo, mtu mwingine anaweza kubonyeza akidhani anakusaidia.

Hatari ya pili ni nguvu iliyobaki ndani. Nyundo za mashine ya kusagia huzunguka zaidi ya mara elfu mbili kwa dakika. Ukizima, haziwezi kusimama mara moja, zinaendelea kuzunguka kwa muda. Gurudumu zito la injini ya mazutu nalo hivyo hivyo. Kelele inapungua, mtu anadhani imekwisha, anafungua, kumbe bado.

Hatari ya tatu ni binadamu. Mmoja yuko nyuma ya injini anafunga mkanda, mwingine anakuja mbele na hendeli kuiwasha kwa sababu wateja wamekuja. Hawa wawili hawaonani. Hakuna mwenye nia mbaya, lakini mmoja atapoteza mkono.

Kufuli na kibao cha onyo

Katika viwanda vikubwa duniani jambo hili lina utaratibu unaojulikana. Anayetaka kuingiza mkono ndani ya mashine huanza kwa kukata nguvu pale inapotokea, akaweka kufuli, akatundika kibao chenye jina lake, na ufunguo akautia mfukoni mwake. Wakiwa mafundi watano, zinawekwa kufuli tano. Mashine haiwezi kuwaka mpaka wa mwisho aondoe yake. Nchini Marekani utaratibu huu uliwekwa kuwa sharti la serikali mwaka 1989, na idara yao ya usalama kazini inakadiria kwamba ukifuatwa huzuia vifo kama 120 na majeraha 50,000 kila mwaka. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani, ILO, liliingiza mazingira salama ya kazi katika haki za msingi za kila mfanyakazi. Hapa Burundi, sheria ya kazi ya mwezi wa 11 mwaka 2020 inamtaka mwajiri alinde usalama na afya ya watu wake.

Utasema hayo ni mambo ya viwanda vya wazungu, sisi tuna mashine moja ya unga chini ya mabati. Mimi nasema mkono ni ule ule. Na vitu vinavyohitajika tunavyo:

1. Waambie wote waliopo. Sema kwa sauti: "Nazima, nataka kusafisha." Mwambie na mwenzako wa nje.

2. Zima mashine kama kawaida, hata kama umeme umekatika na imenyamaza yenyewe. Rudisha swichi upande wa kuzima.

3. Kata nguvu pale inapoanzia. Kama ni umeme, shusha swichi kuu ya ukutani. Kama mashine ina plagi, ichomoe. Kama ni injini ya mazutu, funga mafuta, ondoa hendeli, na toa mkanda kwenye puli injini ikishasimama kabisa. Kama inawashwa kwa betri, fungua waya wa betri.

4. Weka kufuli, au kadena kama wengi wetu tunavyosema. Mchomeleaji yeyote anaweza kutengeneza kisanduku kidogo cha chuma cha kufunika swichi, chenye tundu la kufuli. Plagi, ifungie ndani ya kopo au kisanduku. Hendeli, ifungie stoo. Ufunguo uwe mmoja, na ukae mfukoni mwa yule anayeingiza mkono. Usimpe tajiri, usimpe mwenzako, usiutundike msumarini.

5. Tundika kibao. Kata katoni, andika kwa rangi nyekundu: USIWASHE, MTU ANAFANYA KAZI. Weka jina lako na saa uliyoanza. Chora na mkono wenye alama ya kukataza, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Kifunge ndani ya mfuko wa plastiki ili mvua na unga visikiharibu.

6. Subiri mpaka kila kitu kisimame. Angalia kwa macho, usisikilize tu kelele.

7. Jaribu kuwasha. Wengi huiacha hatua hii. Bonyeza swichi ya mashine uone kama itaondoka. Ikiondoka, ujue ulikata njia isiyo yenyewe. Isipoondoka, rudisha swichi upande wa kuzima, ndipo ufungue kifuniko.

8. Ukimaliza, toa vyombo vyako, rudisha kifuniko na kinga ya mkanda, hesabu watu, ndipo uondoe kufuli. Aliyeiweka ndiye anayeiondoa.

Kibao peke yake hakitoshi. Kibao ni neno tu, na mtu mwenye haraka hulipita neno. Kufuli peke yake nayo haitoshi, kwa sababu mtu akiikuta bila jina anaweza kudhani imesahauliwa, akaivunja. Viwili hivi viende pamoja.

Hatua hizi ni za mtu wa kusafisha mashine na kubadilisha chujio. Pampu za maji zinazotumia jua waachieni mafundi wake, maana paneli zinatoa umeme muda wote jua linapowaka, hata ukiwa umezima swichi ya pampu. Na mwenye jenereta asiiunganishe na nyaya za nyumba bila kwanza kutenganisha njia ya Regideso. Umeme wake unaweza kurudi nyuma kwenye waya wa barabarani na kumwua fundi aliyepanda nguzoni akiamini hakuna umeme.

Wanaosema ajali haina kinga

Nimeongea juu ya mambo haya kwenye mikutano ya vitongoji, na nimesikia majibu ya namna tatu.

La kwanza: "Ajali haina kinga, ni mapenzi ya Mungu." Namheshimu anayesema hivyo. Lakini zamani tulisema hivyo hivyo juu ya kuhara na juu ya surua. Kipindupindu kilipotangazwa Bujumbura mwanzoni mwa mwaka 2023, hatukukaa kusubiri. Maji yalitiwa dawa, watu walinawa mikono, na wagonjwa walitengwa na kutibiwa. Hakuna aliyesema kwamba kutia dawa kwenye maji ni kupingana na Mungu. Ajali ya ndugu yangu ilikuwa na kinga. Kinga yake ilikuwa swichi ya ukutani, hatua tatu kutoka alipokuwa amesimama.

La pili: "Kufuli ni gharama." Kufuli ndogo haizidi mapato ya siku chache za mashine, na katoni ni ya bure. Upande wa pili weka teksi, hospitali, mashine iliyofungwa kwa sababu ya ugomvi wa familia mbili, na kijana anayelishwa na wengine. Hesabu mwenyewe.

La tatu ndilo gumu zaidi, nami sitaki kulipita haraka: "Wateja hawatasubiri. Wataenda kwa mwingine." Jambo hili ni kweli. Mazutu yanapokuwa haba na umeme unapopatikana saa chache tu, kila dakika ya mashine ni pesa. Mwenye mashine anayezima dakika kumi anampoteza mteja kwa jirani asiyezima. Kijana wa kibarua anajua kwamba akichelewa, kesho ataitwa mwingine. Kwa hiyo mimi sioni haki kumtwisha kijana huyo mzigo wote na kumwambia "uwe mwangalifu." Alikuwa mwangalifu ndugu yangu. Alishindwa na foleni.

Foleni ni sisi. Mashine zetu haziangaliwi na wakaguzi kila siku, lakini wateja wako pale tangu asubuhi mpaka jioni. Kama wateja wakikataa kusagiwa na mashine isiyo na kufuli, mwenye mashine atanunua kufuli kabla ya Jumapili. Na kama mashine zote za kambi zikifuata utaratibu mmoja, hakuna atakayepoteza mteja kwa mwenzake. Ndiyo sababu naona jambo hili lifanywe na kamati ya kambi pamoja na wenye mashine wote kwa siku moja, lisiachiwe hiari ya mmoja mmoja.

Ninachoomba

Kwako mwenye mashine: nunua kufuli moja kwa kila anayefanya kazi kwako. Weka kinga ya chuma au ya mbao mbele ya mkanda, kwa maana vitenge na shuka za akina mama hunaswa pale. Andika jina la kibarua wako kwenye daftari tangu siku ya kwanza. Aliye na ajira rasmi amwulize tajiri wake kama ameandikishwa INSS, maana asiyeandikishwa akiumia hana pa kudai kwa urahisi.

Kwako kijana unayechukua ruhusa ya kutoka kambini kwenda kutafuta kazi mjini: siku ya kwanza uliza swichi kuu iko wapi. Nunua kufuli yako mwenyewe ukiweza. Ukiambiwa uingize mkono bila kukata nguvu, kataa kwa heshima, sema "ngoja nizime kwanza." Najua si rahisi kumwambia tajiri hivyo. Lakini tajiri mwenye akili hatakufukuza kwa ajili ya dakika mbili.

Kwenu wazazi: msiwatume watoto wadogo peke yao mashineni, na mtoto asipewe kazi ya kusukuma mahindi kwa mkono ndani ya mdomo wa mashine. Kauka vizuri kwa nafaka na mihogo kunapunguza kuziba, basi anikeni mpaka vikauke kabla ya kupeleka.

Kwako mteja: ukiona kibao chekundu, kaa chini usubiri. Usimwambie mtu aharakishe. Nilimwambia mimi, na neno lile siwezi kulirudisha.

Mtu akishaumia

Kwanza, kata nguvu kwenye swichi kuu. Usimvute mtu kwa nguvu akiwa amenaswa, na usirudishe mashine nyuma kwa kuiwasha. Kama amenaswa na umeme, usimguse kabla ya kuzima.

Damu ikitoka, bandika kitambaa safi juu ya jeraha, kandamiza kwa nguvu bila kuachia, na inua mkono juu. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Vua pete haraka kabla vidole havijavimba. Usitie majivu, udongo, kahawa, mafuta ya gari wala majani.

Kama kidole kimekatika, kifunge ndani ya kitambaa safi chenye unyevu, kitie katika mfuko wa plastiki usioingiza maji, na ukipata barafu weka mfuko huo juu yake. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Nenda nacho pamoja na mgonjwa, lakini usichelewe kwa kukitafuta.

Hata jeraha dogo la mashine lifikishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa sababu ya pepopunda. Akina mama wengi hupata chanjo hiyo wakati wa ujauzito, lakini wanaume wengi hawajachanjwa tangu utotoni, na wao ndio wengi mashineni.

Mwisho

Ndugu msomaji, ninaandika haya kwa sababu kila ninapopita karibu na mashine ya unga na kusikia imenyamaza ghafla, mimi hugeuka kuangalia mikono ya aliyepo pale iko wapi. Ningependa nawe ugeuke. Ukimwona amefungua kifuniko na hakuna kufuli, mwulize swali moja tu: "Ndugu, umezima?" Akikujibu kwamba umeme umekatika, mwambie hilo siyo jibu. Mwonyeshe swichi.

Haraka haraka haina baraka. Unga utasagwa leo au kesho.



Mhamasishaji wa afya wa jamii